Fungate ya Theluji

Siku Mayasa alipoombwa achague mahali ambapo Fahad angekula fungate na mwanamke mwingine, alikuwa hajanywa hata chai.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Julai imekaza, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo huku jua linawaka bure. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza akihangaika na waya wa hita, pale ofisini kwa mjomba wake, Selemani, ghorofa ya kwanza, Newtown. Akasikia mlango ukisukumwa na sauti ya kike ikipiga salamu kwa bashasha.

"Asalaam aleikum! Hapa ndipo wanapouza theluji?"

Mayasa alicheka hukohuko chini ya meza. Miaka sita anakata tiketi za ndege, hakuwahi kusikia mteja anaagiza theluji kama anayeagiza kilo ya sukari. "Waaleikum salaam. Karibuni, theluji ipo tele," akajibu, akainuka huku akijipangusa vumbi magotini. Kicheko kikamkauka.

Nyuma ya msichana yule alikuwa amesimama Fahad.

Fahad wake. Au tuseme Fahad aliyekuwa wake mpaka miezi kumi na moja iliyopita, ingawa moyo wa Mayasa ulikuwa haujajifunza kusema hivyo. Alikuwa amekonda kidogo. Amevaa lile koti la kahawia ambalo kifungo chake cha pili kilishonwa na Mayasa mwenyewe, kwa uzi mweusi, kwa sababu siku ile uzi wa kahawia ulikosekana. Kifungo bado kilikuwepo. Macho yao yalikutana, na Fahad akawa wa kwanza kuyahamisha, akayapeleka kwenye mabango ya ukutani kana kwamba hajapata kuona picha ya mlima maishani mwake.

"Mimi naitwa Ummi," alisema msichana, ameshavuta kiti. Alikuwa na miaka ishirini na tatu hivi, uso wa mviringo, mtandio wa rangi ya zambarau, na hina mpya vidoleni mpaka viganjani. "Na huyu ni mchumba wangu, Fahad. Usimjali, ni mkimya. Tunaoana mwishoni mwa Desemba, inshallah, fungate Januari. Nimemwambia twende kwa kina mzee Selemani, ni watu wetu, watatusaidia. Njia nzima alikuwa hataki, sijui kwa nini."

"Sikusema sitaki," alisema Fahad taratibu.

"Hukusema unataka pia."

Mayasa aligeuka upande wa chumba cha nyuma. Mjomba wake alikuwa huko na birika la chai, hajui lolote. Mambo yale yote, mwanzo wake na mwisho wake, Mayasa aliwaficha watu wa nyumbani kwao, kwa sababu mwanamke aliyeachika akianza kupendwa tena hutakiwa apendwe kimyakimya mpaka mambo yawe ya halali.

"Mjomba, hebu njoo uwahudumie wageni," aliita. Sauti ilimtoka nyembamba.

Mzee Selemani akachungulia, kikombe mkononi. "Wanakwenda wapi?"

"Ulaya, baba. Kwenye theluji," alijibu Ummi.

"Aa, hapo mimi simo. Mimi ni Umra na Dar es Salaam, basi. Ulaya yote anayo Mayasa. Mama, mhudumie bibi harusi vizuri, usiniangushe." Akarudi kwenye chai yake akiwa na furaha tele, na mlango wa kukimbilia ukafungwa hivyohivyo.

Afanyeje? Alikaa. Akavuta kompyuta karibu, akaweka mikono juu ya vitufe.

"Haya, mdogo wangu. Kwa nini theluji? Maharusi wengi hutaka bahari."

Ummi akainama mbele kama anayetoa siri. "Dada, nikwambie ukweli. Harusi hii yote imepangwa na mama mkwe. Ukumbi yeye, rangi ya sare yeye, mpishi yeye. Siku moja nikamuuliza Fahad, hivi wewe mwenyewe unataka nini? Akakaa kimya, halafu akasema, theluji. Fungate kwenye theluji ya kweli, Ulaya. Ndilo jambo pekee alilochagua mwenyewe. Nikasema basi, hilo hata dunia ipinduke tutalifanya."

Mayasa alikuwa anaitazama skrini ambayo haikuwa na kitu.

Theluji ya kweli. Maneno yaleyale. Ilikuwa msimu wa baridi wa mwaka juzi, walipokwenda Lesotho na kundi la vijana wa Kitanzania kuona watu wanavyoteleza thelujini kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni. Gari lilipoanza kupanda mlima, kona juu ya kona, Fahad aliiva uso, akapauka, na kwenye kona ya tatu dereva akalazimika kusimama ili atapike. Mayasa alimshika paji la uso kando ya barabara huku wenzao wakicheka, akamtia mdomoni kipande cha ndimu kilichopakwa chumvi, na hakuona kinyaa hata kidogo. Hapo ndipo alipojua kwamba anampenda. Huko juu wakakuta theluji kidogo, ngumu, nyingi yake imetengenezwa kwa mashine, na Fahad akaiminya mkononi akasema, "Hii ya kuonjea tu. Fungate yetu tutakwenda kwenye theluji ya kweli, Ulaya. Wewe ndiye utakayenichagulia uwanja wa kutua."

Kumbe Fahad hakusahau. Kumbe aliibeba ile ahadi muda wote huo, kisha akaikabidhi kwa mtu mwingine.

"Dada? Mashine imekwama?"

"Hapana. Inatafuta." Mayasa akajikaza. "Mmepanga siku ngapi?"

"Saba kamili, fungate ni saba. Mama yangu anataka kutubebesha chakula cha siku zote saba, eti bibi harusi hapiki. Nimemwambia mama, eish, Ulaya ni mbali, pilau litafika limeota ndevu!"

"Nyama msibebe hata kipande, watawanyang'anya uwanjani. Mkate wa kumimina hauna neno. Nitawatafutia nyumba yenye jiko badala ya hoteli, mle cha halali bila wasiwasi."

"Unaona, Fahad? Nilikwambia ni watu wetu."

Fahad aliitikia kwa kichwa. Bado alikuwa amesimama. Mayasa alitamani amwambie akae, kisha akatamani aondoke, kisha akatamani avunje kile kimya chake mbele ya huyu binti, aseme kitu chochote. Kwa maana mimi na wewe tunaotazama kwa pembeni twaweza kusema mambo yalikwisha zamani, lakini mwenye kupenda hana kalenda. Mayasa alikuwa anangoja. Mama yake Fahad, Bi Zuhura wa La Rochelle, mtaa wa hapahapa Johannesburg, alipopata habari kwamba Mayasa aliwahi kuolewa Tanga na kuachika, alisema neno moja tu: "Mwanangu wa kwanza hali kiporo." Fahad akamwambia Mayasa, nipe wiki moja niongee na mama. Wiki ikawa mwezi. Kisha simu ikawa haipokelewi. Hakuwahi kusema tumeachana. Ndiyo ubaya wake: hakusema ndiyo, hakusema siyo, akamwacha mtu anangoja.

"Kuna sehemu tatu zinazowafaa watu wasiojua kuteleza," alianza Mayasa, na kazi ikamshika mkono kidogo. "Lakini usichague mlima kwanza. Wengi hukosea hapo. Chagua mlima na uwanja wa ndege kwa pamoja, kwa sababu fungate ni siku saba, ukipoteza mbili njiani umebaki na tano. Halafu viza. Maombi yanapelekwa kwenye nchi mtakayolala siku nyingi, siyo mtakayotua. Kwa hiyo leo lazima tuamue, niwatolee karatasi za kwenda nazo kwenye miadi."

"Leo leo?"

"Leo. Nafasi za miadi ya viza zikijaa, Januari hamwendi."

Ummi akatoa daftari dogo. Mayasa akageuza skrini.

"Hapa ni Innsbruck, Austria. Uwanja uko katikati ya milima, ukitoka mlangoni tu theluji unaiona. Tabu yake ni hali ya hewa. Upepo ukichafuka ndege haitui, inapelekwa Munich, mkamalizie safari kwa basi. Mara nyingi inatua. Siku nyingine haitui."

"Bibi harusi apelekwe Munich na masanduku yake? Hapana."

"Ya pili, Val Thorens, Ufaransa. Hakuna mji wa ski ulio juu kama huo Ulaya, theluji haikosi. Mnatua Geneva, upande wa pili wa mpaka, Uswisi, kwa kupitia Addis Ababa, halafu saa tatu za basi."

"Eeh! Tazama hizo picha! Fahad, njoo uone, nyumba zimefunikwa mpaka madirishani!"

"Na ya tatu ni Zermatt, Uswisi. Huko hakuna magari kabisa. Mnatua Zurich moja kwa moja kutoka hapa, kituo cha treni kiko chini ya uwanja, mnabadilisha mara moja, baada ya saa tatu na nusu mmefika. Chukueni hii."

"Lakini hii ya Geneva ni nzuri zaidi, dada. Theluji haikosi, umesema mwenyewe."

"Geneva hapana," alisema Mayasa haraka. "Ile barabara ya kupanda mwishoni ni kona tupu. Hataziweza. Kona ya tatu tu atakuwa ameshatapika, mpaka basi lisimame."

Maneno yalitoka yote kabla hajayaona. Hita ilikuwa inanguruma peke yake. Huko chini barabarani mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma, sauti yake ikasikika wazi kabisa.

Ummi aliinua kalamu kutoka kwenye daftari. "Nani hataziweza?"

Mayasa alitafuta uongo, akaukosa. Angeweza kusema "wateja wengi." Angeweza kusema "wewe." Maneno yalikuja baadaye, usiku, yakajipanga kitandani kama watoto wa shule, lakini saa ile hakuna hata moja lililomsaidia.

Ummi alimtazama Mayasa. Akageuka akamtazama Fahad, ambaye masikio yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fahad, gari umeliacha wapi?"

"Pale mbele ya robot, kwenye taa za barabarani."

"Yule mlinzi wa magari simwamini. Hebu kalitazame."

"Ummi..."

"Kalitazame, tafadhali."

Akaenda. Alipotakiwa aende, alikwenda. Viatu vyake vikasikika ngazini mpaka vikapotea.

Ummi alifunga daftari, akaliweka juu ya meza, akaweka mikono juu yake. Hina ilikuwa bado inanukia.

"Ni wewe," alisema.

Mayasa aliisukuma kompyuta pembeni.

"Mama mkwe aliniambia alikuwepo mtu. Alisema mwanamke mkubwa, mtalaka, alimroga mwanawe. Mimi nikawa naona mtu wa kutisha. Sikujua kama nitakuja kumkuta ananitafutia nyumba yenye jiko." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya mtandio kwa hasira. "Dada, mbona hukusema tangu nimeingia?"

"Ningesemaje, mdogo wangu? Umekuja na furaha yako."

"Mlimalizana?"

"Hatukumalizana. Alinyamaza tu."

"Ndivyo alivyo," Ummi alisema polepole, kama anayegundua kitu alichokuwa nacho mfukoni siku zote. "Namuuliza, chai au kahawa? Yoyote. Tukae La Rochelle na mama au tupange kwetu? Popote. Nilidhani ni upole." Akainua macho. "Unampenda?"

Mayasa aliinamisha kichwa. Kuna maswali ambayo mtu akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza, hana budi kujibu. "Nampenda. Nimejaribu kuacha. Sijui inaachwaje."

"Na mimi nifanyeje? Kadi zimeshachapwa. Mama yangu ameshagawa sare, ndugu wanakuja kutoka Dar. Mimi pia nampenda, dada. Nilianza kumpenda siku ile aliposema theluji." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe theluji yenyewe ni yako."

Wanawake wawili, meza katikati, na hakuna hata mmoja aliyemkosea mwenzake. Mayasa alihisi huruma ikimjia, akaichukia, maana ingekuwa rahisi zaidi kama huyu binti angemtukana.

"Nisikilize," Ummi alisema, akajiweka sawa kitini. "Mimi sitaki mtu wa kusukumwa. Akirudi nitamuuliza mbele yako. Akisema neno, hata nusu, nitakwenda nyumbani nimweleze baba, na aibu nitaibeba. Wallahi nitaibeba. Lakini aseme yeye. Wewe usimsaidie."

"Sitamsaidia," alisema Mayasa. Na moyo wake, huo mpumbavu usiokoma, ukaanza kudunda.

Viatu vikarudi ngazini. Fahad aliingia akileta baridi ya nje. "Gari lipo salama," alisema, na hakuna aliyemjibu.

"Fahad," Ummi alisema bila kugeuka. "Dada anasema tushuke Zurich, tupande treni, kwa sababu ya kona. Amejuaje habari za kona zako?"

Mtu akipewa mlango ulio wazi kiasi hicho, unadhani ataingia. Fahad alisimama katikati ya chumba, mkono wake ukaenda kwenye kile kifungo cha pili, akakishika. Mayasa alikiona. Akamtazama usoni, akamtazama kwa yale macho aliyoyaficha miezi kumi na moja, na Fahad safari hii hakuyakwepa. Alimtazama naye. Midomo ilifunguka. Mayasa akaacha kupumua.

Mle chumba cha nyuma mzee Selemani akakohoa, akaweka kikombe kwenye sahani.

"Niliwahi kusafiri zamani," alisema Fahad. "Na kundi."

"Na kundi," alirudia Ummi.

"Ndiyo."

"Basi chagua. Zurich au Geneva? Wewe mwenyewe. Leo nataka uchague wewe."

Fahad alitazama bango la Zermatt, akatazama la Val Thorens, akatazama sakafu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa, na Mayasa akajua kwamba anaumwa kweli, kwamba anampenda kweli, na kwamba hayo yote hayatamsaidia mtu yeyote mle ndani.

"Chagueni nyinyi," alisema. "Mimi popote."

Ummi alifumba macho kidogo, akayafumbua. Alifungua daftari lake, akaandika kitu, akakipigia mstari kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Geneva," alisema.

"Ummi, ile barabara..." alianza Mayasa.

"Geneva, dada. Akitapika, nitamshika mimi." Sauti ilitetemeka, lakini haikurudi nyuma. "Nami lazima nianzie mahali."

Na kazi ni kazi. Mayasa aliandika. Aliandika jina la Fahad kama lilivyo kwenye pasipoti bila kuitazama pasipoti, kisha akajikumbuka, akanyoosha mkono aombe ya Ummi. Viti viwili vilivyopakana. Addis Ababa, Geneva, basi la saa nane mchana, nyumba yenye jiko, usiku saba. Mashine ya kuchapa ikalalamika, ikatoa karatasi moja baada ya nyingine, zikiwa bado na joto. Akazibana kwa pini na kuzitia ndani ya bahasha. Kila alipotaka kulia alikuta kuna sehemu nyingine ya kujaza.

Fahad ndiye aliyetangulia kutoka. Mlangoni alisita, akasema, "Asante, Mayasa." Jina lake kutoka kinywani mwake, baada ya miezi yote hiyo, na lilitumika kushukuru tiketi.

"Safari njema," alijibu.

Alibaki amekaa. Chai ililetwa na mjomba, ikawekwa mbele yake, ikiwa na sifa nyingi kwamba amewahudumia wageni vizuri sana, watu wa heshima wale, wataleta na wengine. Aliitikia yote. Alikuwa anatazama kiti alichokalia Ummi, kilichosogezwa upande, akishindwa kupata nguvu za kukirudisha.

Mlango ukafunguliwa tena. Ni Ummi, peke yake, anahema kwa ngazi.

"Nimesahau kalamu," alisema. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Wakatazamana.

"Siku ile ya kona," Ummi alisema kwa sauti ya chini, asisikiwe chumba cha nyuma. "Ulimpa nini?"

Mayasa aliona kwamba hicho ndicho kilichobaki. Vingine vyote vimeshachukuliwa, na hiki bado kilikuwa chake, kidogo, hakina maana kwa mtu mwingine yeyote duniani. Angeweza kukikatalia. Nani angemlaumu? Akatazama vile vidole vya hina vilivyoshika kalamu, akamwona Fahad amepauka kando ya barabara ya Ulaya asiyoijua, na huyu mtoto hajui pa kumshika.

"Ndimu," alisema. "Ikate vipande, ipake chumvi. Lakini usibebe za huku, watazichukua uwanjani. Nunua hukohuko Geneva kabla hamjapanda basi."

"Ndimu na chumvi." Ummi aliandika kwenye kiganja chake, juu ya hina.

"Na umpe mapema, kabla ya kona ya kwanza. Yeye atakwambia hajambo, usimsikilize. Ukingoja mpaka aseme, utakuwa umechelewa."